Kama Ni Duka Lile Lile, Pesa Zitaingia Wapi?

Saa kumi alfajiri, marobota ya mitumba yanapofunguliwa katika soko la Gikomba, Nairobi, wachuuzi hujazana na tochi za simu mkononi wakiwania kamera, yaani zile nguo na viatu vya daraja la kwanza, kabla mkono mwingine haujapita. Mama ninayemfanyia kazi huwa katikati yao. Anauza viatu vya kike. Huvichagua pea moja moja, huviosha, huvipaka rangi panapohitaji, huvipiga picha kando ya kibanda chake karibu na Barabara ya Quarry, halafu huviweka kwenye tovuti yake. Katika duka lile kila pea haina pacha. Ikiuzwa imekwisha, hakuna katoni nyuma yenye saizi nyingine. Naomba msomaji alishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Mama alitaka wateja waweze kuchuja viatu kwa saizi. Nikamwambia, "Sawa mama, lakini duka lenyewe sitaligusa kwanza. Nitatengeneza nakala yake, nifanye kazi humo, tuikague pamoja, ndipo tuhamishe."

"Hiyo nakala itakuwa na viatu vyangu?"

"Vyote."

"Na bei zangu, na mahali pa kulipia?"

"Vyote, mama."

Akaacha kusugua kiatu alichokuwa nacho mkononi. "Sasa mwanangu, kama ni duka lile lile, pesa zitaingia wapi?"

Kumjibu sawasawa kunahitaji tuanze chini kabisa, kwenye swali la tovuti ni kitu gani.

Unapofungua duka hilo kwenye simu, hakuna ukurasa uliokuwa umekaa mahali ukikungoja. Ukurasa hupikwa pale pale. Simu yako hutuma ombi, na ombi hilo hufika kwenye seva, ambayo ni kompyuta iliyo macho usiku na mchana. Programu iliyo ndani ya seva husoma ombi, huiuliza hifadhidata ni viatu gani bado vipo, hupanga majibu pamoja na picha, kisha hukukabidhi sahani yako. Mtu mwingine akifungua sekunde inayofuata, hupikiwa yake upya, na huenda isifanane na yako kwa sababu katika sekunde hiyo kuna pea imenunuliwa.

Mapishi hayo yana viungo vinne. Kuna msimbo, yaani maelekezo ya kupika. Kuna picha na faili nyingine zilizopakiwa. Kuna hifadhidata, ambayo ni daftari la bidhaa, oda na wateja. Na kuna mipangilio, karatasi ndogo inayosema daftari liko wapi, nywila yake ni ipi, na funguo za kuzungumza na M-Pesa au na kampuni ya SMS ni zipi. Duka la mama limejengwa kwa WordPress, programu huria iliyoanza mwaka 2003, na humo viungo hivi vinaonekana kwa macho: picha ziko kwenye folda ya wp-content/uploads, na mipangilio mikuu iko kwenye faili moja fupi iitwayo wp-config.php. Hifadhidata hukaa kando, kwenye programu yake.

Kati ya viungo hivyo, msimbo hubadilishwa na fundi, tena mara chache. Hifadhidata hubadilishwa na wateja, kila saa, bila kumwomba fundi ruhusa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayoamua kila kitu huko mbele.

Kwa nini nisirekebishe duka lenyewe moja kwa moja? Kwa sababu seva hutii kile kilichoandikwa, si kile nilichokusudia. Nikisahau nukta-mkato moja kwenye faili ya PHP, lugha iliyotumika kuandika WordPress, programu hushindwa kuisoma faili nzima, na kila anayefungua duka huona ukurasa mtupu au ujumbe wa kosa mpaka nitambue. Mafundi wa cherehani hapa Gikomba wanalijua hili vizuri. Kabla ya kukata kitambaa cha mteja, fundi hukata karatasi ya gazeti kwanza, huipachika begani kwa pini, huangalia, hupunguza, kisha hukata tena. Gazeti halivaliwi, halina rangi ya kitambaa wala ulaini wake. Lakini vipimo vyake ni vya kweli, na vipimo ndivyo vinavyojaribiwa.

Nakala ya tovuti hufuata kanuni hiyo hiyo. Inatakiwa iwe ya kweli katika kila kitu kinachoweza kuharibika, na ya uongo katika kila kitu kinachoweza kumfikia mtu. Nimeona kazi nyingi zikiharibika kwa kupindua kanuni hii: nakala ina viatu vitatu vya kubuni, lakini funguo za pesa ni za kweli.

Tuanze na upande wa ukweli. Msimbo na picha ni faili za kawaida. Unazinakili kama unavyonakili nyimbo. Kinachosahaulika ni jiko lenyewe. Kama seva ya duka inatumia PHP toleo la 8 na kompyuta yangu ina toleo la 7, nitajaribu kitu, kitafanya kazi kwangu, na huenda kikaanguka kule, kwa sababu toleo la 8 halivumilii makosa kadhaa ambayo la 7 liliyapita kimya. Matoleo yafanane: ya PHP, ya hifadhidata, na ya kila programu-jalizi.

Hifadhidata yenyewe hainakiliwi kwa kuburuta faili tu, kwa sababu haitulii. Fikiria umetumwa kuhesabu viatu vyote vya Gikomba. Unaanza upande wa mto, unasonga polepole kuelekea barabarani. Ukifika katikati, pea uliyokwisha kuihesabu inabebwa na mchuuzi mpaka kibanda cha mbele, na wewe unaihesabu tena. Mwishowe una idadi ambayo haikuwahi kuwa kweli hata dakika moja. Nakala ya hifadhidata huweza kuharibika vivyo hivyo: oda ikaingia bila bidhaa zake, malipo yakaingia bila oda. Dawa yake ni kuiambia hifadhidata ikuonyeshe hali ya papo moja tu, hata kama wateja wanaendelea kununua huku ukinakili. Kwenye programu ya hifadhidata ya MySQL amri ni mysqldump, na neno la kuongeza ni --single-transaction. Kinachotoka ni faili ya maandishi. Ukiifungua utakuta maagizo mstari kwa mstari: unda jedwali la bidhaa, ingiza kiatu hiki, kwa bei hii, saizi hii. Hifadhidata mpya husomewa maagizo hayo na kujijenga upya kutoka mwanzo.

Sasa linakuja jina, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. WordPress huandika anwani ya tovuti ndani ya hifadhidata. Nakala mpya ikiamka inasoma jina lake na kukuta jina la duka halisi, hivyo ukibofya kiungo chochote unarushwa kule kule ulikokimbia. Basi tubadilishe jina. Mwaka 1999 waandishi wa kanuni za intaneti walitenga miishio minne ambayo haitauzwa kwa mtu yeyote: .test, .example, .invalid na .localhost. Nakala nikaiita duka.test. Hapa nitatumia duka.example kusimama badala ya jina halisi la duka la mama.

Ungedhani inatosha kutafuta jina la zamani na kuandika jipya kila lilipo. Tazama kwa karibu jinsi baadhi ya mipangilio inavyohifadhiwa:

s:20:"https://duka.example";

Herufi s inasema haya ni maandishi, na 20 inasema yana herufi ishirini. Hesabu mwenyewe: https:// ni nane, duka.example ni kumi na mbili. Ukibadilisha jina kwa pupa unapata hivi:

s:20:"https://duka.test";

Herufi zilizomo sasa ni 17, lakini lebo bado inasema 20. Programu huhesabu ishirini, hupita alama ya kufunga, hujikuta katikati ya kitu kingine, na hukataa mpangilio wote. Ni kama robota lililoandikwa pea 20 likafunguliwa likiwa na 17: mnunuzi hatatafuta tatu zilizopungua, atalirudisha lote. Ndiyo maana unakuta nakala imewaka vizuri lakini menyu zimetoweka, au mabango ya ukurasa wa kwanza hayapo. Tumia chombo kinachobadilisha neno na hesabu yake kwa pamoja. Kile kiitwacho WP-CLI kina amri ya search-replace inayofanya hivyo.

Jina limebadilika, ila duniani hakuna anayelijua. Kompyuta yangu inalipataje? Zamani, kabla Paul Mockapetris hajabuni mfumo wa majina wa DNS mwaka 1983, mtandao wote ulitegemea faili moja ya majina na anwani, iliyotunzwa na kundi la Elizabeth Feinler katika taasisi ya SRI, California. Masalia ya faili hiyo yamo hadi leo ndani ya kompyuta yako, yakiitwa hosts, na kompyuta kwa kawaida huisoma kabla ya kuuliza nje. Nikaandika humo mstari mmoja: 127.0.0.1 duka.test. Anwani ile ya 127.0.0.1 maana yake ni mimi mwenyewe, hapa hapa nilipo. Duka la pili likafunguka, linaonekana na mimi peke yangu.

Tuhamie upande wa uongo, na swali la mama.

Mteja akibofya kulipa, duka hutuma ombi kwa M-Pesa likitaja namba ya simu, kiasi, na anwani ya kurudishia jibu. Simu ya mteja huleta dirisha la kuomba PIN. Jibu, kwamba amelipa au amekataa, haliji papo hapo. Huja baadaye kwa safari yake yenyewe, kwenye ile anwani iliyotajwa. Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, ina lango la waandishi wa programu liitwalo Daraja, na lango hilo lina milango miwili: sandbox.safaricom.co.ke kwa majaribio, na api.safaricom.co.ke kwa pesa halisi. Kila mlango una funguo zake. Ule wa majaribio unakuja na namba ya biashara ya kuazima, 174379, ambayo waandishi wengi wa programu Kenya wanaijua kwa moyo.

Nikibadilisha funguo na mlango, je, tumemaliza? Bado. Tuseme nimesahau kubadilisha anwani ya jibu. Duka la majaribio na duka halisi vyote vilitoka kwenye daftari moja, kwa hiyo vyote vinaendelea kuhesabu oda kutoka namba ile ile. Oda inayofuata kwangu ni 1208, na kule kwa mama pia ni 1208. Nalipa oda yangu ya uongo kwa pesa za uongo, na jibu linasafiri hadi duka la kweli: 1208 imelipwa. Duka likiwa halikujengwa kuthibitisha zaidi ya namba hiyo, litatia tiki oda ya mwanamke fulani wa Buruburu ambaye hajalipa chochote, na mama atamfungia viatu na kumtumia kwa bodaboda. Hilo ndilo nililomjibu mama: tusipokuwa waangalifu, pesa haziingii popote, na viatu vinatoka.

Kisha kuna jumbe. Miaka kadhaa iliyopita, kwa mteja mwingine, nilitengeneza nakala nikazima malipo, nikaenda kulala nikiwa nimeridhika. Sikuzima saa ya ndani. Tovuti nyingi zina kazi zinazojiendesha zenyewe, na moja kati ya hizo ilikuwa kuwakumbusha wateja ambao hawajamaliza kulipa. Nakala iliamka, ikasoma daftari la siku mbili nyuma, ikaona madeni ambayo kwa wakati huo yalikwisha kulipwa, ikatuma SMS kwa namba za watu wa kweli. Mmoja alijibu saa sita usiku: "Nishalipa. Mbona mnanisumbua?" Nilimpigia simu asubuhi kumwomba radhi, kisha wengine, mmoja baada ya mwingine. Siku hizi funguo za SMS na barua pepe naziondoa kabla nakala haijawashwa hata mara moja. Kosa hili halichagui mkubwa wala mdogo: tarehe 17 Juni 2021 baadhi ya wateja wa HBO Max walipokea barua pepe yenye kichwa cha jaribio, iliyoponyoka kutoka kazi ya ndani.

Namba za watu zenyewe zisibaki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haisemi kwamba namba ya mteja inalindwa ikiwa kwenye seva tu. Inalindwa pia ikiwa kwenye kompyuta yangu ndani ya matatu. Lakini usibuni namba za 07 kiholela ukadhani umemaliza. Ukizungusha tarakimu ovyo utaangukia simu ya mtu, kwa sababu nyingi zimeshagawiwa. Mimi huweka namba yangu mwenyewe kwa kila mteja, na barua pepe zote huzimalizia kwa .example, zisimfikie yeyote.

Nakala ikihitaji kuonekana na mtu wa pili, kama mama, inabidi ikae kwenye seva na si kwenye kompyuta yangu. Hapo mitambo ya kutafuta nayo itaiona. Wengi huweka faili ya robots.txt, desturi iliyopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994. Ile ni kibao cha "Tafadhali usipite". Anayetaka kupita hupita. Weka nywila mlangoni. Na ndani, weka alama ambayo jicho haliwezi kuikosa: yangu ni mkanda wa manjano juu ya kila ukurasa, umeandikwa MAJARIBIO.

Alama hiyo naithamini kuliko watu wanavyodhani ni lazima, na sababu yake ni usiku wa tarehe 31 Januari 2017 katika kampuni ya GitLab, inayotunza msimbo wa watengenezaji programu wa dunia nzima. Mhandisi aliyechoka alikuwa na seva mbili za hifadhidata mbele yake, ya akiba na ya kweli, na dirisha la amri la moja lilifanana na la nyingine. Akafuta folda ya data akiamini yuko kwenye ya akiba. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili. Kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakakimbilia nakala za dharura na kukuta hazipo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, ikawa inashindwa kila siku kimyakimya. Kilichowaokoa ni picha ya hifadhidata iliyochukuliwa saa sita kabla, ambayo haikuchukuliwa kwa ajili ya dharura yoyote. Ilichukuliwa ili kujaza tovuti yao ya majaribio. Waliandika yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Mojawapo ya marekebisho yao ilikuwa kutofautisha madirisha ya amri ili mtu ajue yuko seva gani.

Nilipomsimulia mama, alikumbuka moto. Tarehe 28 Juni 2018, usiku wa manane, Gikomba iliwaka na watu 15 wakafa. Kibanda chake kiliungua, na daftari la madeni likaungua nacho. Akaniuliza nakala yangu inakaa wapi. Nikamwonyesha: seva ya majaribio iko mahali pengine kabisa, mbali na seva ya duka, na mbali na kompyuta yangu. Akataka nimhakikishie mara mbili.

Siku ya kuikagua nakala tulikaa kwenye kibanda, yeye akiwa na simu yake yenye kioo kilichopasuka pembeni, maana wateja wake wana simu za namna hiyo na mtandao wa namna hiyo. Mkanda wa manjano ulikuwa juu. Akachagua 38. Vikatokea viatu vichache mno. "Hapana," akasema, "vya 38 ninavyo vingi." Alikuwa sahihi. Viatu vilivyotoka Uingereza alikuwa ameviandika 5, vingine UK5, vingine 38, na kwake vyote ni mguu mmoja. Kama ningejaribu kwa viatu vitatu vya kubuni nisingejua hilo mpaka wateja waseme. Nikaandika programu fupi ya kusoma lebo zote na kuzipa saizi moja.

Ilibaki kuhamisha, na hapa ndipo ile pea isiyo na pacha inaporudi. Njia iliyo rahisi kwa macho ni kuichukua nakala nzima, iliyokwisha kutengenezwa vizuri, na kuiweka juu ya duka halisi. Lakini hifadhidata ya nakala ni ya Jumatatu, na leo ni Ijumaa. Viatu vilivyouzwa siku hizo nne vingefufuka rafuni, oda zao zingefutika, na pea moja ingeuzwa kwa watu wawili. Kwa hiyo msimbo hupanda kutoka majaribio kwenda dukani, na data hushuka kutoka duka kwenda majaribio, havibadilishani njia kamwe. Na mabadiliko yanayogusa data, kama hizi lebo za saizi, hayabebwi kama matokeo. Hubebwa kama hatua zilizoandikwa, ambazo zitarudiwa juu ya daftari la leo.

Kabla ya hapo, Alhamisi, nilichukua nakala mpya kabisa ya mazoezi, nikazirudia hatua zote tangu mwanzo huku nikitazama saa. Zilichukua dakika nne. Kisha nikaangalia oda huingia saa ngapi. Nilitarajia usiku uwe mtulivu, kumbe wateja wengi hununua wakiwa kitandani, hadi saa saba. Tukachagua saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Nilihifadhi duka lilivyo, nikapandisha msimbo, nikaendesha programu ya lebo, nikanunua pea moja kwa pesa zangu mwenyewe kuona kama jibu la M-Pesa linafika. Likafika.

Saa kumi na robo mama alinipigia kutoka kwenye foleni ya marobota. Alikuwa amefungua duka lake, amechagua 38, na vimejaa. Kisha akauliza viatu vyeusi vya kamba viko wapi, vile alivyopiga picha Jumatano. Nikaangalia. Vilinunuliwa saa nne usiku na mtu wa Kayole, na bado havimo.